Damu ya Chausiku Imepanda Ndege

Ukioa umeoa na ukoo, hilo nililijua. Siku ya ndoa wazee walinikalisha kitako wakanipanga: hawa sasa ni wako, wakiumwa ni wako, wakifiwa ni wako, ada za shule wakikwama ni zako. Nikaitikia naam, naam, huku jicho liko kwenye sinia la pilau. Hakuna mzee hata mmoja aliyenidokeza habari za paka.

Mdogo wake mke wangu, Mama Sada, yuko Hamburg, Ujerumani. Nesi. Anahudumia wazee wa Kijerumani, mshahara mzuri, baridi mbaya. Alipoondoka alituachia begi la nguo, jiko la gesi bovu na Chausiku. Jiko nililipeleka kwa fundi, fundi kahama nalo. Begi lilitafunwa na panya, Chausiku akiwa amelala juu yake. Basi amebaki huyo Chausiku. Jike, mweusi tii, macho ya njano. Anakula dagaa wangu, analala kwenye kiti changu, na nikimwambia shuka ananitazama mpaka najiuliza kama mwezi huu nimelipa kodi ya nyumba.

Mwezi wa sita shemeji akapiga simu. "Shem, nataka Chausiku aje kwangu." Nikacheka. Nikacheka sana. Kumbe simu ipo spika, Mama Sada yupo nyuma yangu, na anayecheka ni mimi peke yangu. "Shem, wewe si huna mambo mengi," akasema. Eti sina mambo mengi! "Nisaidie kufuatilia makaratasi yake, mimi nikija likizo ya Desemba nimchukue." Nikamwambia shem, makaratasi ya nini, paka si anatiwa kwenye begi mnaondoka? Mimi nimeshapanda daladala na jogoo kutoka Mbagala mpaka Tabata na konda hakuuliza hata jina lake. Kimya. Halafu akaanza kunisomea masharti ya Umoja wa Ulaya. Alisoma mpaka bando langu likakata.

Nilichoshika ni kwamba wazungu wanaogopa kichaa cha mbwa, na kwamba kesho yake niende kwa daktari wa mifugo.

Kesho yake nikamtia Chausiku kwenye tenga la kuku. Nikalifunika kwa khanga ya Mama Sada. Nikatoka alfajiri ili kukwepa jua. Sasa nyinyi pigeni picha. Mwanaume mzima, giza halijaisha, anatoka kwake kwa kunyata, tenga mkononi, ndani ya tenga paka mweusi analia. Jirani yangu alikuwa anafagia uwanja. Akaacha kufagia. Akaingia ndani, nikasikia mlango, nikasikia na komeo. Bodaboda wa kwanza alichungulia chini ya khanga akaniambia, "Mzee, mimi nina watoto wadogo." Wa pili alikubali kwa nauli mara mbili, na njia nzima alikuwa anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Kwenye matuta ndiyo alizidisha.

Kliniki nayo ina wenyewe. Watu wamekuja na majibwa yenye shampuu. Mama mmoja kambeba mbwa mwenye kibanio kichwani. Mimi na tenga langu nikajibanza pembeni. Dada wa mapokezi akaniuliza jina la mgonjwa. Nikasema Chausiku. Akaandika. Hakuniuliza jina langu, nikaona sawa, heshima. Baada ya muda akasimama mlangoni akaita kwa sauti ya stendi: "Baba Chausiku!" Watu wote wakatafuta baba ni nani. Mbwa nao wakageuka. Mimi naitwa Baba Sada, nimelipigania jina hilo leba nzima nikiwa nimesimama nje ya wodi, nikafutwa na binti mwenye kalamu ya wino wa bluu.

Sasa mimi sikwenda mikono mitupu. Mfukoni nilikuwa na kadi. Mwaka jana Septemba 28, ile Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, bwana mifugo alikuja ofisi ya serikali ya mtaa kuchanja bure. Mama Sada akanituma. Watu wamepanga foleni na mbwa waliofungwa kamba za katani, mimi peke yangu na paka. Chausiku alimparura mjumbe, lakini sindano alichomwa na kadi nikapewa, muhuri upo, tarehe ipo. Nikaiweka mezani kwa dokta taratibu, nikakaa vizuri, nikisubiri kuambiwa mzee umetupunguzia kazi.

Dokta ni kijana mdogo, mpole, miwani. Akaigeuza kadi huku na huku. "Chipu aliwekewa lini?"

"Chipu ipi?"

"Basi kwa Ulaya hii chanjo haihesabiki."

Nikamuuliza, dokta, chanjo si imo mwilini? Akasema imo. Inafanya kazi? Inafanya. Ila haihesabiki? Haihesabiki. Nikarudia maswali yale yale kwa mpangilio mwingine, majibu hayakubadilika. Akanieleza kwamba sharti ni chipu kwanza, chanjo baadaye. Hata ikiwa siku moja, chipu itangulie. Akichanjwa kabla ya chipu, kwao huyo hajachanjwa, anaanza upya. Sababu ni kwamba ofisa wa uwanja wa ndege wa kule atajuaje kuwa paka aliyeandikwa kwenye kadi ndiye huyu aliye kwenye boksi? Paka weusi ni wengi. Nikamwambia huyu mimi namjua, anavyonidharau hakuna paka mwingine anayenidharau hivyo. Akaandika kitu kwenye faili. Sijui aliandika nini.

Hiyo chipu yenyewe usifikiri ni dude. Ina ukubwa wa punje ya mchele, inaingizwa kwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega. Nikauliza ni laini ya mtandao gani. Dokta hakucheka, na hapo ndipo nilipojua nimeuliza vibaya, kwa sababu muuguzi wake alitoka nje. Kumbe haina mtandao, haina betri, haionyeshi paka yuko wapi. Imelala tu humo. Mashine maalumu ikipitishwa juu yake inatoa namba, tarakimu 15, basi. Nikauliza sasa akipotea? Akipotea amepotea, akaniambia, ila atakayemwokota akiwa na mashine atasoma namba. Tabata nzima mashine hiyo anayo nani? Nikaacha.

Wakachoma chipu, wakaisoma, wakabandika stika ya namba kwenye kitabu, ndipo wakamchanja tena. Nikaletewa bili. Kwa hela ile ningepata mbuzi, tena beberu. Nikamwambia dokta nifanyie ya kirafiki. Akasema, "Baba Chausiku, hapa siyo Kariakoo."

Nikadhani tumemaliza. Nikaanza kukunja khanga. Dokta akasema, sasa tuhesabu siku 30, halafu umlete tutoe damu.

Damu ya nini jamani? Hapo ndipo nilipojua nchi zimepangwa mafungu. Ulaya wana orodha ya nchi wanazoziamini kwa habari ya kichaa. Ukitoka kwenye nchi ya orodha, paka anawekewa chipu, anachanjwa, anakaa siku 21, anapewa cheti, anaondoka. Mauritius imo. Bahrain imo. Falme za Kiarabu zimo, yaani paka wa Dubai anayelala kwenye kiyoyozi wala hatobolewi mshipa. Sisi hatumo. Kenya hawamo. Uganda hawamo. Nilipata kanafuu kidogo kusikia Kenya hawamo, siwezi kuwaficha. Lakini nafuu haikupunguza bili. Paka wa kutoka kwetu lazima damu yake ipimwe, ionekane chanjo imezaa kinga kweli, na ipimwe kwenye maabara ambayo Ulaya wenyewe wameikubali.

Siku ya damu ilipofika dokta akanionyesha pa kushika. "Mshike hapa shingoni, na hapa. Usimwachie." Nikamshika. Sikumwachia. Yeye ndiye hakuniachia mimi. Alinidaka kidole gumba, meno yakaingia, na wakati nalia dokta anasema kwa utulivu wake, "Vizuri, usitikisike, damu inatoka." Nikamuuliza damu ya nani.

Kumaliza tu akaniuliza, "Wewe umechanjwa?" Nikasema nilichanjwa shuleni, lile kovu la begani. Akasema hiyo ni ya kifua kikuu. Ya kichaa je? Sina. Basi tuelewane. Paka ana chanjo mbili, moja haihesabiki, mimi baba yake sina hata hiyo isiyohesabika. Akanisukuma kwenye sinki. Sabuni, maji yanayotiririka, dakika 15. Siyo kunawa, siyo kuloweka. Dakika 15 kamili. Nikategesha simu. Sinki lenyewe liko ukumbini, mbele ya wale wenye mbwa. Dakika ya kwanza unajisikia mgonjwa. Ya tano unajisikia mjinga. Ya tisa mama wa kibanio akaja kujaza maji ya mbwa wake, akanitazama, akasema, "Pole, hata wa kwangu huwa anaogopa sindano."

Nikiwa hapo sinkini dokta aliniambia maneno ambayo sikuyapenda lakini nayaleta kwenu hivyo hivyo. Ugonjwa huu unaua watu kama 59,000 kila mwaka duniani kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu wote Asia na Afrika, wakiwemo watoto wengi, na karibu wote ni mbwa aliyewauma. Dalili zikishaanza, tiba hakuna, ni kusubiri mazishi. Kabla ya dalili sindano zinaokoa. Ukiumwa na mnyama usiyemjua, osha hivyo hivyo dakika 15 halafu kimbia hospitali, usisubiri kuona kama kidonda kitapona, kwa maana kidonda kinapona na mtu anakufa. Wangu huyu amechanjwa, ni mzima, tutamwangalia siku 10. Akizimaliza hana tatizo, mate yake hayakuwa na kitu siku aliponiuma. Akaniambia hata hivyo nipite hospitali kidole kitazamwe, na mimi nifikirie kuchanjwa. Nikauliza bei. Halafu nikauliza kama naweza kuunganishwa kwenye faili la Chausiku.

Hizo siku 10 nilikuwa namfuata yule paka chumba hadi chumba. Anakunywa maji? Anakula? Mbona analala sana? Halafu nakumbuka analala sana tangu enzi. Mama Sada akawa anaona wivu, anasema tangu tuoane sijawahi kumuuliza kama amekunywa maji.

Damu nayo ikachujwa, ikawekwa kwenye kichupa chenye barafu, ikapelekwa Onderstepoort, kule Pretoria, Afrika Kusini. Kwa ndege. Naomba hilo lieleweke. Mimi nina umri wa kuitwa babu, mbali kuliko kote nilikofika ni Tunduma, na kwa basi, na nilirudi na homa. Damu ya paka niliyemtoa na tenga imepanda ndege, imevuka mipaka, imepokelewa na wataalamu waliovaa makoti meupe. Bili ya safari ile niliisoma kwa kusimama. Nikakaa. Nikaisoma tena.

Majibu yakaja. Kinachotakiwa ni nusu yuniti kwa mililita, 0.5, kuanzia hapo kwenda juu. Nikasema kumbe pasi maki ni nusu tu, hata mimi ningepita. Chausiku alipita kwa mbali sana. Mama Sada akaibandika ile karatasi ukutani, pembeni ya matokeo ya Sada ya kidato cha pili. Siongezi neno. Sada mwenyewe haongei na paka tangu siku ile.

"Sasa aondoke," nikamwambia dokta. Nilishavaa sura ya kuaga.

"Miezi mitatu," akasema. Miezi mitatu kuanzia siku damu ilipotolewa, siyo siku majibu yalipotoka. Akiinua mguu kabla ya hapo, kule hapokewi. Nikamuuliza miezi mitatu anafanya nini? Hafanyi kitu, anasubiri. Mimi je? Nawe unasubiri. Kisa ni kwamba virusi hivi vina tabia ya kujificha. Mnyama anaweza kuwa aliumwa kabla ya chanjo, akaonekana mzima wiki nyingi, hata miezi, ndipo kikalipuka. Kwa hiyo wanasema kaeni naye kwanza hukohuko kwenu, kama ni kulipuka alipukie Tabata. Hawakuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyowaelewa.

Jioni nikaenda dukani kwa Mangi kulalamika, maana pale ndipo ninaposikilizwa, hasa nisipokopa. Pembeni ya duka kuna kijana wa mwamvuli, yule wa kusajili laini, ana simu kubwa na bando la ofisi. Yeye ndiye maktaba yetu. Mangi akauliza hivi hawa Wajerumani wanaogopa nini, wao hawana mbwa? Kijana akapekua. Kumbe walikuwa na kichaa kwelikweli, na aliyekuwa anakisambaza ni mbweha wa porini. Sasa mbweha utamwita ofisi ya serikali ya mtaa? Waswisi ndio waliopata akili, mwaka 1978. Walichukua vichwa vya kuku, wakavitia chanjo ndani, wakavitawanya porini. Mbweha anapita, anakuta kichwa cha kuku, anatafuna, kachanjika. Baadaye vikatengenezwa vyambo vya kiwandani vikawa vinamwagwa kwa ndege. Wajerumani wakafuata, mwaka 2008 wakajitangaza hawana tena kichaa hicho, ukiondoa kile cha popo.

Mangi alinyamaza muda. Anachoma vichwa na miguu ya kuku pale nje kila jioni, ndiyo biashara inayolipia pango. "Vichwa vya kuku," akasema. "Vinamwagwa. Mbweha anaokota bure." Aliumia kuliko mimi. Nikaona basi hata akininyima mkopo leo nitaelewa.

Kijana akaendelea kutupa habari, hakuna aliyemwomba. Australia ndiyo kiboko. Paka wa kutoka kwetu moja kwa moja hawamtaki kabisa, mpaka apitie kwanza nchi wanayoikubali, na akifika anawekwa karantini. Yule mwigizaji wa Marekani, Johnny Depp, mwaka 2015 aliingia huko na ndege binafsi na vimbwa vyake viwili, Pistol na Boo, havijatangazwa. Waziri wa kilimo, Barnaby Joyce, akatoka hadharani: warudi Marekani au wauawe. Wakarudishwa. Mwaka uliofuata mkewe wa wakati ule akapanda kizimbani, na wote wawili wakarekodi video ya kuomba radhi, nyuso zimekunjamana. Mwenye hela yake yule. Nikajitazama na kandambili zangu. Uingereza nako, kabla ya mwaka 2000 karibu kila paka wa kutoka nje alikuwa anakaa karantini miezi sita. Siku hizi wamelegeza, lakini kwa ndege paka anaingia kwa hati ya mzigo, hakai miguuni pako. Wajapani wanataka siku 180 baada ya damu. Halafu Marekani, kwa paka, serikali kuu wala haimdai cheti cha kichaa. Wanaodai ni baadhi ya majimbo. Hapo nikampigia shemeji palepale. Nikamuuliza kwa nini hakutafuta unesi Marekani. Akakata simu.

Kumbe miezi mitatu ni mirefu. Nikaanza kusoma yale masharti mwenyewe, kwa kukosa kazi, na nikakuta kitu. Mwenye paka asipoweza kusafiri naye, anaweza kumwandikia mtu mwingine kibali amsafirishe, mradi mwenye mali na paka wasipishane zaidi ya siku tano. Nikasoma tena. Mtu mwingine. Nikatazama huku na huku chumbani. Mtu mwingine ni nani kama siyo mimi? Nimemlea, kaniuma, naitwa baba yake. Sikumwambia mtu. Nilikwenda Karume nikachambua mitumba nikapata koti la baridi, zito, la manyoya shingoni, kifungo kimoja tu kimekatika. Nikalijaribu nyumbani mchana, Novemba, jua la Dar. Nikawa natembea sebuleni nikisema guten Tag, nimelisikia kwenye filamu. Mama Sada akaingia. Akanitazama kuanzia kwenye manyoya kushuka mpaka miguuni. Akachukua simu, hakunipigia kelele wala nini, akanipiga picha akamtumia mdogo wake. Jibu likaja na vikatuni vya kucheka mstari mzima: "Shem mimi mwenyewe nakuja kumchukua jamani, tiketi nishakata 😂 lakini koti limekupendeza." Visa wala sikuwa nimeiuliza. Chausiku haombi visa, nilishahakikisha.

Ikaja habari ya uzito. Shirika la ndege alilokatia tiketi shemeji linaruhusu paka kabini, ila yeye na begi lake wasizidi kilo nane. Tenga halikubaliki, nikalionea huruma. Linatakiwa begi lenye hewa, ambalo paka anaweza kusimama, kugeuka na kulala. Shemeji akalituma, jepesi, zuri, lina mfuko wa chupa ya maji. Lakini Chausiku kwa miezi ile ya kufungiwa ndani alikuwa ananenepa tu. Nikampeleka kwa yule kijana wa mizani wa kituo cha daladala. Dokta alinipa ujanja: jipime mwenyewe, halafu jipime umembeba, toa. Nikapanda. Kijana akasoma kwa sauti ya kuuza: "Mzee kilo tisini na mbili!" Watu wa kituoni wakasema duh. Nikashuka, nikambeba Chausiku, nikapanda. "Tisini na tisa! Mzee, ndani ya dakika moja?" Akanidai hela ya watu wawili. Nikabisha, paka si mtu. Konda wa basi la Gongo la Mboto akaingilia, akasema anayepima ni mzani siyo mtu, na mzani umefanya kazi mara mbili. Nikalipa. Kilo saba, ukiongeza na begi lake, tumechungulia kaburi. Ikabidi apunguziwe dagaa, na aliyepewa kazi ya kumnyima ni mimi. Alinichukia waziwazi. Usiku anakaa kifuani kwangu ananitazama mdomoni.

Cheti cha afya ndicho kilichokaribia kunimaliza. Kinajazwa na daktari, halafu kinagongwa muhuri na daktari wa serikali, na kuanzia siku ya muhuri zinahesabiwa siku 10 za kufika na kukaguliwa kule. Ukigonga mapema kinakufa kabla ya ndege. Ukichelewa ndege inakwenda. Kimeandikwa Kijerumani na Kiingereza, ubavu kwa ubavu, kurasa zimejaa vimstari vya kukata yasiyohusika, na ukikata linalohusika umekwisha. Nikaenda penye muhuri. Muhuri upo, mwenye muhuri kasafiri. Lini anarudi? Wiki ijayo, Inshallah. Msaidizi je? Yuko msibani. Nikakaa kwenye benchi nikihesabu vidole, kumi kutoa hivi, kutoa vile, gumba bado linauma. Kuna mzee pembeni alikuwa anafuatilia kibali cha ng'ombe 40. Akaniuliza mimi nina vichwa vingapi. Nikasema kimoja. Ng'ombe? Nikasema mnyama mdogo. Mbuzi? Nikaangalia dirishani.

Muhuri ulipatikana. Shemeji kafika, ana begi la chokoleti na lafudhi mpya. Akasaini tamko kwamba paka huyu hapelekwi kuuzwa. Nikamwambia shem, angekuwa na mteja mimi ningemuuza zamani. Akaninunia mpaka siku ya kuondoka. Uwanja wa ndege wakapitisha mashine mgongoni kwa Chausiku, zikasomwa tarakimu zote 15, cheti sawa, chanjo sawa, damu sawa, tarehe sawa. Kule namba isipolingana, chaguo ni kurudishwa, kufungiwa kwa gharama ya mwenye mali, au la mwisho kabisa, ambalo mbele ya Mama Sada hatulitaji. Wakamwambia asante, safari njema. Yeye. Mimi niliambiwa, "Mzee, rudi nyuma ya mstari, wewe si msafiri."

Wamefika salama. Juzi shemeji ametuma picha. Amempeleka kwa daktari wa Hamburg, akaandikiwa kijitabu cha bluu, nyota za Umoja wa Ulaya juu, ukurasa wa chipu, ukurasa wa kichaa. Pasipoti. Kile kipimo cha damu hawatakirudia maisha, mradi chanjo ya kila mara isipitwe na tarehe hata siku moja. Chausiku amekaa dirishani kwenye kimto, nje theluji, kanenepa upya.

Nikaenda dukani kumwonyesha Mangi ile pasipoti. Akafuta mikono mafuta, akaitazama vizuri, akanirudishia simu.

"Hongera Baba Chausiku. Mtoto kafika Ulaya. Ameshaanza kutuma hela?"

Nikamwambia aniandikie mkate na robo ya sukari.